Gordon Thackray Alisikia

Katika msimu wake wa kumi na saba wa soka la kulipwa, Gordon Thackray alikuwa akishuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume. Goti la kulia halikukubali tena kukunjwa asubuhi, kwa hiyo aligeuka, akashika mbao za pembeni kwa mikono miwili, akateremka taratibu kama fundi anayeshuka kutoka kwenye paa. Mkewe Pauline, akiwa chini jikoni akikaanga mayai, alishazoea kutomtazama. Alisikiliza tu. Gordon akifika chini bila kutukana, basi siku ile haikuwa mbaya sana.

"Umeamkaje?" Pauline alimuuliza.

"Linauma kidogo tu."

"Nimekuuliza wewe, sijauliza goti."

"Sisi ni kitu kimoja siku hizi."

Alikuwa na miaka thelathini na minne, beki wa kati na nahodha wa Aldersyke Town, timu ya Daraja la Tatu katika mji wa viwanda vya sufu huko Yorkshire, ambako nusu ya viwanda vilikuwa vimeshafungwa na mvua haikuwa na msimu maalumu.

Ubeki hakuuchagua. Shuleni alikuwa mshambuliaji, tena mwenye mbio. Halafu alipofika miaka kumi na mitano alirefuka ghafla ndani ya kipupwe kimoja, hadi mama yake akaishiwa kitambaa cha kuongezea suruali. Mwalimu wa michezo alimtazama kutoka chini hadi juu, akanyoosha kidole mbele ya goli. "Thackray, wewe simama pale. Kitakachokuja, kirudishe kilikotoka." Makocha waliokuja baadaye walimfundisha yaleyale, ila waliongeza matusi.

Klabu moja kubwa ya jiji ilimchukua akiwa na miaka kumi na saba. Alisafisha viatu vya wakubwa, akafagia majukwaa, akasubiri. Akaitwa timu ya kwanza mara moja tu, siku ya ukungu, dhidi ya timu ya London. Mshambuliaji aliyepewa amkabe alimpita mara mbili, na mara zote mbili Gordon aligeuka akakuta mpira umetulia wavuni. Jumatatu meneja akamwita ofisini. "Wewe ni kijana mzuri sana," akamwambia, na Gordon akajua kwamba inabidi akafungashe mizigo.

Baada ya hapo zilikuja klabu tano na nyumba tisa. Pauline akawa bingwa wa kufunga vikombe kwa magazeti ya zamani. Gordon alisafiri kwa basi Jumanne za mvua, akapiga vichwa mipira iliyolowa ikawa mizito kama tofali, akavunjika pua mara tatu. Mara ya tatu daktari alimuuliza angependa itazame upande gani. Goti lilipasuliwa mara mbili, kisha likawa la sindano: anachomwa Jumamosi mchana, anacheza bila kuusikia mguu, halafu Jumapili nzima anakaa kwenye kiti akilipia. Katika mechi zaidi ya mia tano alifunga mabao kumi na moja, yote ya kona, na baadhi yake hakuyaona kwa sababu alikuwa amefumba macho.

Hakuwa mtu wa manung'uniko. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule ambao ukilala unaamka nao.

Pale Aldersyke alikaa misimu sita, na watu walimpenda kwa namna yao, yaani kwa kumtukana. Nyuma ya goli la upande wa kiwanda alisimama Bi. Hirst, mjane wa mfumaji, aliyeshikilia sehemu ileile ya kizuizi kwa miaka thelathini, na chupa ya chai kwapani.

"Thackray!" alipaza sauti kila Jumamosi. "Mnara wa kanisa unageuka haraka kuliko wewe!"

"Lakini haupigi kichwa, mama!" Gordon alimjibu, na jukwaa zima likacheka. Shabiki wa timu ngeni akithubutu kumtukana Gordon, Bi. Hirst alimgeukia na mwavuli.

Msimu ule wa mwisho, ulioishia mwaka themanini na tatu, mambo yaliharibika. Mwezi wa pili kipa wa kawaida aliteguka bega, akaingia Neil Sugden, kijana wa palepale mjini, miaka ishirini na miwili, mwembamba, viganja kama masufuria. Baba yake, enzi za uhai wake, alikuwa fundi wa kupiga plasta kuta za nyumba, na Neil mwenyewe alikuwa ameshika kazi hiyohiyo kabla ya klabu kumwita. Meneja, mzee Len Pickersgill, alimpa agizo moja tu: "Piga kelele. Mpira ukiwa wako, sema. Nataka hadi kondoo kule mlimani wajue."

Neil alipiga kelele kweli. Ila mechi ya kwanza aliita, "Wangu, Bwana Thackray!" na Gordon nusura aanguke kwa kicheko.

"Sikiliza, kijana," alimwambia wakati wa mapumziko. "Uwanjani niite Gordy. Mpaka umalize Bwana Thackray tumeshafungwa."

Wakacheza pamoja mechi kumi na tano, na Gordon akaona kwamba kijana ana macho, ana moyo, atafika. Alimwambia Pauline hivyo. Hakumwambia Neil, kwa sababu kule mabeki hawana desturi ya kuwaambia makipa mambo mazuri.

Siku ya mwisho wa msimu Aldersyke walihitaji sare tu nyumbani ili wasishuke daraja. Uwanja ulijaa. Hadi dakika ya themanini na tatu ilikuwa sifuri kwa sifuri. Sindano ya Gordon ilikuwa imeishiwa nguvu tangu kipindi cha pili kianze, na alikuwa akikimbia kwa mguu mmoja na nusu.

Ukaja mpira mrefu kutoka kulia, wa juu, usio na madhara. Mshambuliaji wa karibu alikuwa nyuma kwa hatua tatu. Neil akatoka golini, mikono juu. "Wangu! Wangu, Gordy!"

Gordon alisikia. Alisikia vizuri kabisa. Lakini kuuacha mpira ule kulitaka asimame ghafla, aegemee mguu wa kulia, ageuke, ampishe kipa, na mguu wa kulia haukuwepo tena. Kuruka kwa mguu wa kushoto na kupiga kichwa ndicho kitu pekee ambacho mwili ulikuwa bado unakiweza. Akasema moyoni, nautoa nje, iwe kona, yaishe. Akaruka. Mpira ukamparuza pembeni ya paji la uso, ukapita juu ya viganja vya Neil, ukadunda mara moja, ukaingia golini polepole, kama mgeni asiye na uhakika na nyumba.

Uwanja ulinyamaza hadi mtoto mchanga akasikika akilia jukwaani. Halafu refa akapuliza, na baada ya dakika chache akapuliza tena kumaliza, na Aldersyke wakawa wameshuka.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyevua viatu. Maji ya moto yalikuwa yakimwagika kwenye bafu kubwa, na hakuna aliyekwenda kuyafunga. Pickersgill alisimama katikati, kofia mkononi.

"Neil. Ulipiga kelele?"

"Nilipiga, bosi. Mara mbili."

"Gordon. Alipiga kelele?"

Gordon alikuwa akilitazama goti lake, lililovimba kama mkate. Swali lilikuwa jepesi. Baadaye alijaribu kukumbuka kama alifikiri kwanza, na hakukumbuka kufikiri chochote. Alikuwa ametumia maisha yake yote kuondoa hatari mbele ya goli kwa njia iliyo karibu, na hii nayo aliiondoa.

"Sikusikia kitu," akasema.

Neil akamtazama. Akaanza kuvua glavu zake, kidole kimoja kimoja, akaziweka sakafuni zikiwa sambamba.

"Kipa bubu," Pickersgill akasema, akavaa kofia. "Tumeshushwa daraja na kipa bubu."

Jumatatu gazeti la mji liliandika KIPA AKAA KIMYA, TIMU YASHUKA. Mwezi wa sita klabu iliwaacha wote wawili, lakini si kwa namna moja. Gordon aliandaliwa tafrija ukumbi wa mashabiki, mikate ya nyama ya nguruwe, saa ya ukutani, meya akampa mkono. Neil alipata barua yenye mistari miwili.

Gordon akaajiriwa posta, kupeleka barua kwa miguu katika mitaa ya upande wa juu. Pauline alicheka aliposikia. "Mtu asiyeweza kushuka ngazi za nyumba yake, wanampa mlima." Lakini mlima haukumsumbua kama milango. Kila mlango ulikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na pole yake.

"Ah, Gordon! Yule mtoto alikuangusha vibaya."

"Miaka yote hiyo ya kazi, halafu unamalizwa na bubu!"

Bi. Hirst ndiye aliyemchosha kuliko wote, kwa sababu alimngoja na kikombe cha chai. "Kunywa, mwanangu. Ningekuwa mama yake yule kijana nisingetoka nje."

"Si hivyo, mama. Ule mpira ulikuwa wangu mimi."

"Tatizo lako una roho nzuri mno. Tangu uwanjani. Ungekuwa na roho mbaya kidogo ungechezea Uingereza."

"Na ningekuwa na magoti mawili."

"Hilo nalo," Bi. Hirst alikubali, akachukua kikombe.

Na nyumba ya mama yake Neil ilikuwa katika njia yake, mtaa wa nne, namba kumi na tisa. Kwa miezi miwili Gordon alisukuma barua kwenye tundu la mlango na kuondoka haraka kadiri goti lilivyomruhusu. Asubuhi moja ya Septemba alimkuta Bi. Sugden amepiga magoti nje, ana ndoo ya maji ya sabuni, anasugua lango. Mtu alikuwa ameandika BUBU kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Mama huyo alikuwa ameshaifuta B ya kwanza.

"Asante, Bwana Thackray," akasema alipopokea barua, akijifuta mikono kwenye aproni. "Usione aibu kwa ajili yetu. Watoto tu hawa wa mtaani." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemfariji mwenziwe: "Neil ameniambia siku ile kelele za watu zilikuwa nyingi. Alisema usingeweza kusikia hata kama angepiga filimbi. Anakuheshimu sana, ujue."

Gordon alimaliza mtaa ule bila kujua amepeleka nini kwa nani. Wiki nzima watu walikuwa wakibadilishana barua zao juu ya uzio.

Alipofika nyumbani alikaa na begi bado begani. Pauline alikuwa akimenya viazi.

"Nilimsikia," Gordon akasema.

Pauline hakuacha kumenya. "Najua."

"Unajuaje?"

"Gordon, nimelala pembeni yako miaka kumi na tatu. Muuza maziwa akiweka chupa mlangoni unaamka. Iweje usimsikie mtu anayekufokea sikioni?"

"Mbona hukusema?"

"Aliyeulizwa si mimi."

Akatumbukiza kiazi majini, akachukua kingine.

Siku ya mapumziko alimtafuta Neil. Alimkuta katika nyumba moja tupu upande wa mto, amesimama juu ya ubao uliolazwa kati ya ngazi mbili, anapiga plasta dari. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za mzee.

"Nilikusikia," Gordon akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amejiandalia hotuba ndefu njia nzima, na sasa ilikuwa imeisha.

Neil aliendelea kusawazisha kwa mkono wa kulia. "Najua ulinisikia. Ulinitazama. Macho yako yalinifikia kabla ya mpira."

"Mbona ulimdanganya mama yako kwa ajili yangu?"

"Ulitaka nimwambie nini? Tangu niko shule ananipeleka kukuangalia. Anakuamini kuliko kasisi wake." Akateremsha mkono. "Hata hivyo sikumwambia kwa ajili yako. Nilimwambia ili nilale. Kila siku alikuwa ananiuliza, kwa nini hakusikia, kwa nini hakusikia."

"Ni goti, Neil. Nisingeweza kugeuka."

"Hilo nalijua pia. Uwanjani sikukukasirikia hata kidogo. Mpira ni mpira. Nilikukasirikia chumbani." Akachota plasta nyingine. "Haya, sasa unataka nini? Nikusamehe uende zako? Plasta inakauka, bwana."

"Nitasema mbele ya watu."

"Sema basi. Sikuzuii."

Jumamosi iliyofuata, mechi ilipoisha, Gordon alikwenda ukumbi wa mashabiki, akaomba redio izimwe, akasimama kando ya meza ya bia.

"Neil Sugden alipiga kelele," akasema. "Aliita mara mbili. Mimi nilisikia, na bosi aliponiuliza nikadanganya. Yule si bubu. Mwongo ni mimi. Ndiyo hivyo tu."

Bi. Hirst akasimama, macho yamelowa.

"Mnaona?" akasema. "Mnamwona mtu huyu? Ameachwa, goti limekufa, anatembeza barua kwenye mvua, na bado anambebea mtoto wa watu mzigo wake!"

Watu wakapiga makofi. Wakapiga meza. Mtu mmoja akamwekea bia mkononi, mwingine akamkumbatia shingo. Gordon akapaza sauti, "Nimesema nilidanganya! Hamsikii?" na wao wakazidi kupiga makofi. Akaenda gazetini. Mwandishi aliandika kila neno kwa makini, na Jumatano ikatoka habari yenye picha yake ya ujanani, juu yake imeandikwa NAHODHA NI NAHODHA.

Neil alikuja kwake siku hiyohiyo mchana, gazeti mkononi, plasta kwenye viatu. Alikuwa akicheka, kicheko kisicho na raha ndani yake.

"Hivi unajua jirani zetu wamekuja kunigongea? Wananiambia nije nikushukuru."

"Nilijaribu, Neil. Wamekataa kuamini."

"Nimeona. Acha sasa, Gordy, nakuomba. Ukisema mara ya tatu watakuchongea sanamu."

Walisimama langoni. Mvua ilikuwa nyepesi, ile ambayo kule hakuna anayeikimbia. Gordon akamuuliza kama bado anataka kucheza. Neil akasema nani atamchukua kipa bubu. Lakini hakusema hapana.

Basi Gordon akaandika barua, yeye asiyeandika barua. Alimwandikia Barry Oldroyd, beki mwenzake wa zamani, ambaye sasa alifundisha Ravenhoe, timu ya watu wenye kazi zao za mchana, nje ya madaraja yote manne ya ligi, pwani ya mashariki. Aliandika ukurasa mmoja, akaeleza mambo yalivyokuwa. Baada ya siku tatu simu ikalia.

"Ulisikia kweli?" Oldroyd alimuuliza bila salamu.

"Nilisikia."

"Goti?"

"Goti."

Oldroyd alikohoa kikohozi chake cha sigara. "Mimi nimefanya hivyo mara mbili katika maisha yangu. Bahati yangu tu ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Mlete kijana Alhamisi, na aje na glavu zake, sisi hapa hatuna kitu."

Neil alidakia Ravenhoe misimu tisa. Katikati ya wiki alipiga plasta, Jumamosi alisimama golini na upepo wa bahari usoni. Kwenye ligi hakurudi tena. Huenda asingefika mbali hata kama mambo yangekwenda vingine. Gordon alijiambia hivyo baadhi ya siku, na siku nyingine hakuweza kujiambia. Hawakuwa marafiki. Wakikutana mjini walisimama kidogo, wakaulizana habari za kazi, wakaachana.

Mji uliendelea kusimulia hadithi kwa namna yake. Bi. Hirst alikufa akiamini hivyohivyo, na Gordon alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Mtu mpya akianza habari za kipa bubu, Gordon alimkatiza kwa sentensi ileile, "Aliita, nami nilisikia," mara moja tu, kisha akampa barua zake na kwenda nyumba ya pili. Kubishana kulimaliza pumzi, na mlima ulikuwa bado mbele.

Katika milango yote ya njia yake, aliyeamini alikuwa mmoja. Siku ya pili baada ya gazeti kutoka, Gordon alipofika namba kumi na tisa, Bi. Sugden alikuwa amesimama mlangoni anamngoja. Alinyoosha mkono, akapokea barua, akamtazama usoni kwa muda. Hakumwita Bwana Thackray. Hakusema asante. Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Ikawa hivyo kwa miaka kumi na mbili, kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Mkono, barua, mlango. Pauline alimwambia aombe kubadilishiwa njia, wenye posta wangemkubalia kwa sababu ya goti. Gordon hakuomba. Milango mingine yote ilimchosha kwa wema wake, na alipofika ule wa namba kumi na tisa mabega yalimshuka kidogo, kama mtu aliyetua begi.

Siku yake ya mwisho kazini, kabla hajaingia hospitali kuwekewa goti la chuma, alimkabidhi bili ya gesi na kadi ya posta kutoka Ravenhoe, ambako Neil alibaki baada ya kuacha kudaka. Bi. Sugden, mzee sasa, alizipokea. Akatazama juu ya bega la Gordon, kule mlimani.

"Mvua inakuja," akasema.

"Ndiyo, mama," Gordon akajibu. "Inakuja."

Mlango ukafungwa, naye akaendelea na namba ishirini na moja.